Uzoefu wangu: seti ya roketi za maji kwa darasa la sita na la saba, Dodoma

Ndani ya boksi kuna jukwaa la kurushia la bomba la PVC, kizibo cha mpira chenye valvu, geji ya kupimia mgandamizo wa hewa kwa psi, mapezi sita ya plastiki, gundi ya kuyeyusha na kijitabu kinachounganisha historia ya vita na safari za anga za juu. Pampu haimo; ya baiskeli inatosha. Nimeitumia na vikundi vya wanafunzi watano watano. Kwa sayansi nainunua tena bila kusita. Kwa historia, mwalimu asikiachie kijitabu kifundishe peke yake.

Tuanze na kizibo, maana ndicho kinachosumbua kwanza. Mpira wake ni mgumu, na vumbi letu likiingia tu unavuja kabla geji haijafika psi 30. Usipake grisi, inanasa vumbi zaidi. Kiosheni, kisha kivisheni pete ya mpira wa tyubu yenye upana wa milimita 5. Fundi baiskeli anakukatia. Kijitabu kinaruhusu psi 80, lakini mimi siruhusu kupita 60. Chupa, ambayo ndiyo roketi yenyewe, iwe ya soda, lita 1.5, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba na inaweza kupasuka. Ukiona alama nyeupe kwenye mikunjo, itupe. Anayevuta kamba ya kufyatulia asimame mita 10 kutoka jukwaani, wengine nyuma yake.

Jaribio linalofundisha kuliko yote ni la kiasi cha maji. Jaza upepo psi 50 kila mara, ubadilishe maji tu: mililita 0, 250, 500, 750, 1000. Bila maji chupa inaruka kidogo, kwa sababu hewa inayotoka ni nyepesi na msukumo wake unaisha upesi. Kwa mililita 1000 hewa iliyobanwa ni kidogo na mzigo ni mzito, hivyo roketi inajikongoja. Theluthi moja, yaani karibu mililita 500, ndiyo inayopaa vizuri. Hapo kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton inaonekana kwa macho, maji yakienda chini na chupa juu.

Kupima kimo, tumieni kipimapembe chenye uzi na nati. Simama mita 40 kutoka jukwaani. Darasa la saba hawajafika kwenye tanjenti, basi wachore kwa skeli, sentimita 1 kwa mita 5. Pembe ya digrii 35 itawapa kama mita 28, kisha waongeze kimo cha macho ya mpimaji. Wapimaji wawe wawili, pande mbili zinazotazamana, kwa sababu ya upepo. Wengi hudhani upepo unaisukuma roketi kando tu. Kumbe mapezi yako nyuma, upepo unasukuma mkia, na pua inageukia kule upepo unakotoka. Rusheni kabla ya saa nne asubuhi, upepo wa Dodoma ukiwa bado haujachangamka.

Gundi ndiyo kasoro kubwa. Ikiwa ya moto sana inakunja chupa, na jua la mchana likiipiga inalegea, mapezi yanadondoka. Selotepu pana inashika vizuri zaidi. Lakini msiitupe gundi hiyo kabla ya kuitumia kwenye historia! Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta ndege za majini kuisaka meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, na joto letu likalegeza gundi na kupinda mbao zake. Zilipoletwa ndege zilizofaa, ndizo zilizoelekeza mizinga hadi meli hiyo ikaangamia, 11 Julai 1915.

Kijitabu hakina hata neno moja kuhusu hilo, wala kuhusu L59, puto kubwa la hidrojeni lenye injini lililotoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, dawa na silaha. Halikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kingegeuzwa mahema. Mchana wa jangwani gesi ilitanuka na nyingine ikatolewa, usiku ikasinyaa, nusura lianguke. Likiwa Sudan liliitwa lirudi kwa redio, na lilitua baada ya saa 95 angani. Fundisha hilo kwa puto lililovishwa mdomo wa chupa tupu, chupa ikikaa kwenye beseni la maji ya moto (yasichemke), halafu ya baridi.

Kuhusu V-2, kombora la Ujerumani la Vita vya Pili vya Dunia, kijitabu kinataja alkoholi, oksijeni ya kimiminika na urefu wa mita 14, na kwamba Oktoba 1942 ilivuka kilomita 80 kwenda juu. Yote sahihi. Kinaeleza vizuri pia kwamba roketi hubeba oksijeni yake, ndiyo maana inafanya kazi pasipo hewa. Kisha kinaruka moja kwa moja hadi Saturn V, roketi iliyopeleka watu Mwezini, 1969. Wafungwa wa kambi ya Wanazi ya Mittelbau-Dora, waliolazimishwa kuitengeneza V-2 mahandakini, hawamo. Na waliokufa katika kazi hiyo ni wengi kuliko waliouawa na makombora yenyewe. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa hilo, na anastahili kuambiwa. Mimi huliweka pamoja na Mtunya, njaa ya Ugogo iliyofuata majeshi ya Vita vya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukaja. Kwa watoto wa hapa, vita ile haikuwa ya mbali.

Ukurasa wa satelaiti ni mfupi. Ongezeni Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Waulizeni wanafunzi kwa nini ikweta inafaa kurushia, kisha wazungushe tufe la dunia waone ni sehemu gani inayokwenda kasi zaidi.

Darasa la watu 45 linahitaji seti mbili, la sivyo nusu ya kipindi inaishia kwenye foleni ya pampu.