Miezi mitano na modeli ya fuvu: sainasi za dura zimeniingia, sumaku zimenichosha

Majina nilikuwa nimeshayakariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia tando za ubongo kutoka nje kwenda ndani: duramata, araknoidi, piamata. Kilichonishinda ni njia ya damu inayotoka kichwani. Kila nikitazama mchoro wa sainasi za dura, yaani njia za damu zilizo ndani ya duramata (si zile za pua zinazoziba tukiwa na mafua), naona mabomba ya bluu yanaelea hewani, na nikifunga kitabu yanapotea. Ndipo nikanunua modeli hii ya plastiki: fuvu la ukubwa wa mtu mzima, kofia yake inafunguka, ndani kuna dura ya kubandua na ubongo wa vipande vinane.

Dura ndiyo iliyonifanya nione sikutupa pesa. Imetengenezwa kwa mpira laini wa matabaka mawili, la nje likiwa limeng'ang'ania mfupa na la ndani limeelekea ubongo. Sehemu kubwa yameshikana kiasi kwamba hupitishi hata ukucha. Ukifika katikati ya utosi, tabaka la ndani linamwacha mwenzake na kuzama kati ya nusu mbili za ubongo, limejipinda kama mundu (na jina lake la Kilatini, falksi, maana yake ni mundu huohuo). Pale yanapoachana panabaki uwazi wa pembetatu, na uwazi huo ndio sainasi. Bomba halipo! Fikiria upindo wa kiunoni wa suruali ya kamba: fundi hakushona mrija wowote, amekunja kitambaa tu, kamba ikapata njia. Nilipoliona hilo kwa macho nikaelewa kwa nini sainasi hazina misuli ukutani wala vali (vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma) kama zilivyo nazo vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, za miguuni. Ukuta wenyewe ni dura, nayo imekaza, hainywei.

Basi nikachukua uzi wa sufi nikaupitisha. Unaanzia mbele juu ya paji, unafuata utosi hadi kisogoni. Hapo unakutana na sainasi iliyonyooka inayoleta damu ya ndani kabisa ya ubongo kutoka vena kubwa ya Galen. Makutano hayo bado yanaitwa kwa jina la Herophilus, tabibu wa kale wa Alexandria. Kutoka hapo njia inagawanyika kulia na kushoto kwenye ukingo wa hema la dura linalofunika serebela (ubongo mdogo wa nyuma), inajikunja kama herufi S, kisha inatumbukia kwenye tundu la chini ya fuvu na kuwa vena ya ndani ya shingo. Nimeupitisha uzi huo mara nyingi mpaka umechakaa.

Sasa niwape aibu yangu. Wiki ya kwanza niligundua mfereji wa upande wa kulia, ndani ya fuvu, ni mpana na wenye kina kuliko wa kushoto. Nikasema hawa wameniuzia mzigo wa kiwandani uliokataliwa. Nikapiga picha na kuandika malalamiko ya aya tatu, makali kwelikweli. Kabla sijayatuma, mwenzangu tunayesoma naye akaniuliza: "Sainasi ya utosini ikifika kisogoni, mara nyingi inakata kona kwenda wapi?" Kulia. Watu wengi ndivyo walivyo, upande wa kulia huwa mkubwa zaidi. Aliyechonga fuvu hili alijua kazi yake kuliko mimi mnunuzi. Nikafuta ile barua kimyakimya.

Lakini malalamiko mengine yanabaki. Araknoidi na piamata zimechapwa juu ya ubongo kama rangi moja, ilhali kati yake ndipo panapopita maji ya ubongo na uti wa mgongo, kama mililita 150 kwa mtu mzima, huku kwa siku yakitengenezwa takriban 500. Mtu atakayejifunza kwa modeli hii peke yake hataijua nafasi hiyo. Na ndiko homa ya uti wa mgongo inakokaa, ugonjwa ambao jina letu linamfanya mtu aangalie mgongo tu wakati tando zinazovimba zinafunika na ubongo pia.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni vena ndogo zinazovuka kutoka ubongoni kwenda sainasi ya utosini. Hazipo hata moja. Ateri ya kati ya dura (mshipa unaoipelekea dura damu) wameichora vizuri mno, hadi matawi yake yanalala kwenye mifereji ya mfupa mwembamba wa panja, kwa hiyo damu inayovujia kati ya mfupa na dura unaielewa mara moja. Ile inayovujia chini ya dura, ambayo kwa wazee hutokea hata kwa kugonga kichwa kidogo kwa sababu ubongo ukisinyaa vena hizo zinavutika, utabaki kuambiwa tu. Mimi nimebandika nyuzi za bluu kwa gundi.

Sainasi ya kavanosi, pembeni mwa tezi ya pituitari, ni bonge la rangi ya bluu. Ateri ya karotidi inapita ndani yake pamoja na neva ya sita ya ubongo, na hapa havionekani. Rangi yenyewe inabanduka, vidole vyangu vilikuwa vya bluu wiki nzima.

Na sumaku! Mundu unashikiliwa na sumaku mbili ndogo, na kila ukiinua nusu ya ubongo unadondoka. Moja iliingia chini ya kabati, nikalisogeza kabati.

Kwa sainasi za utosi, kisogo na pembeni: nyota tano. Kwa araknoidi: moja, tena kwa huruma. Ukiinunua, tafuta uzi wa sufi na gundi kabla haijafika.