Kamera ya pori ya bei ya chini: ya kununua na ya kuachia muuzaji

Kama uko na shamba pembeni ya Lubumbashi, ku barabara ya Kasenga ao kule Kipushi, na asubuhi unakuta mahindi imelalishwa chini, kila mutu atakuambia yake, huyu nguruwe ya pori, huyu nyani, huyu tena jirani. Kamera ya pori njo inakata maneno. Ni kale kasanduku ka rangi ya majani banafungaka ku muti, kanajipigia picha kenyewe nyama ao mutu akipita. Ata muwindaji mwenye permi inamusaidia kujua nyama anapita wapi na saa ngapi, asizunguke bure.

Kwanza achana na mambo ya megapikseli. Ile 48 ao 64 yenye iko ku kartoni, mingi ni programu njo inapanua picha, sensa yenyewe (jicho la ndani lenye kupokea mwanga) iko ndogo, unapata tu fayili kubwa yenye kujaza karti. Uliza inashtuka haraka namna gani (ikichukua sekunde muzima utakuwa na album ya mikia), na uliza taa ya usiku. Ya nanometa 850 (kipimo cha mwanga wake) inafika mbali lakini mutu akiangalia anaona vidoti vyekundu, ya 940 haionekani, ila picha inakuwa giza kidogo na haifiki mbali sana. Mi nasema 940, juu mwizi akiona ule wekundu, kesho unakuta mukanda tu ku muti.

Sasa naipanga vile naona.

Namba moja ni GardePro A3S na zenye kufanana nayo. Kule Marekani inachezea ku dola 50 mpaka 70 kufuata promosio, iko na taa ya 940, inakula mapile 8 ya AA, haina SIM, haina abonema. Na ata ukilipa mutu wa kukuletea, bado kwa bei ya kamera moja ya Browning (ile ya namba mbili) unakaribia kupata mbili, na mbili ku njia mbili za kuingia mu shamba inashinda moja kali yenye kuangalia upande moja.

Namba mbili, Browning Strike Force. Picha yake ya mchana safi kabisa, mapile 6 tu, lakini inapita dola 100 na taa yake ni ile nyekundu, ukitaka isiyoonekana uende ku Dark Ops ya Browning yenyewe na bei inapanda tena. Kama uko na mulinzi, nunua.

Tatu ni vile vidogo bila jina vya dola 30 hivi. Ya kuangalia banda ya kuku inatosha. Angalia tu ule mupira wenye kuzunguka mulango wake, kama umelegea, mvua ya Januari itaingia.

Ya mwisho, zenye SIM. Kila mutu anazitamani juu picha inakufikia ku telefone, lakini zile za Marekani zimefungwa ku kampuni za kwao kama Verizon na AT&T, ukiingiza SIM ya Vodacom ao Airtel inabaki kukuangalia tu. Kuko za soko la Ulaya zinakubali SIM yoyote, sawa, lakini kama wewe mwenyewe unapandaka ku kichuguu kutafuta rezo, kamera itapandia wapi?

Kamera ya Reconyx siipangi, inapita dola 400, ni ya batu ba utafiti.

Mapile njo inamalizaka franga. Zile za bei ya chini za radio zinakufa haraka sana, taa ya usiku inavuta nguvu mingi, chukua alkalini ya kweli ao litiamu. Karti ya GB 32 inatosha, na uifomati mu kamera yenyewe, hapana ku ordinatere.

Jambo moja vitabu vya Wamarekani vitakupoteza: banasema geuza kamera kaskazini, juu jua lisiipige mu jicho. Kwao ni kweli. Huku Lubumbashi tuko chini ya ikweta, sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo wewe geuza kusini. Funga ku urefu wa goti kwa nguruwe, kata majani ya mbele juu upepo ukiyatikisa mu jua utapata picha mamia za majani, na kiangazi safisha chini ya muti, moto wa pori hauchaguagi. Wambie na batu ba makala benye kupita pale, hakuna anapenda kupigwa picha ya kuficha. Na kuwinda kwenyewe, sheria ya 1982 inaomba permi, mu parke za taifa za Upemba na Kundelungu usijaribu ata.

Ukinunua mu mji, usilipe mbele ya kuipima: weka mapile na karti, ingia nayo mu chumba chenye giza, pita mbele yake, kisha fungua picha. Ikitoka nyeusi titii, murudishie.