Dawa ya magugu ya atrazini kwenye shamba lenye maranda

Dawa hii, yenye kiambato cha atrazini, niliinunua katika duka moja la pembejeo mjini Mwanza, nikaipulizia siku moja, kwa bomba moja na kipimo kilekile, katika vipande viwili vya shamba langu la mahindi huko Igombe. Kwenye luseni, yaani udongo wetu wa kichanga, magugu hayakuota kwa wiki kadhaa. Kwenye kipande cha pili, ambako kwa misimu mitatu nimekuwa nikimwaga maranda, yaliota kana kwamba hapakupuliziwa kitu.

Nilirudi dukani nikiamini nimeuziwa dawa feki, na hapo sikumtendea haki muuzaji, kwani dawa ileile ilikuwa imefanya kazi hatua chache tu kutoka pale. Atrazini huingia kwenye gugu hasa kupitia mizizi: sharti iyeyuke katika maji ya udongo, ifyonzwe, kisha izuie jani lisijitengenezee chakula. Mabaki ya mbao, hasa yanapoendelea kuoza, huinasa dawa hiyo, na inayosalia majini huwa haitoshi kuua gugu. Vumbi la mkaa hunasa zaidi. Kunasa huko kuna heri yake, nami naithamini sana, kwa kuwa katika luseni dawa huzama upesi na mvua, na sisi wa mwambao maji yetu huelekea ziwani.

Lawama yangu kwa duka ni nyingine. Muuzaji hakuuliza udongo wangu una nini, na nilipolalamika alinishauri niongeze kipimo. Ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu dawa iliyonaswa huweza kuachiliwa polepole, ikaunguza maharage ya msimu unaofuata, ambayo hayana uwezo wa mahindi wa kuivunja atrazini.

Kwa shamba la kichanga lililo mbali na maji, dawa naipa alama nne kati ya tano. Kwa lenye maranda, mbili. Na huduma ya duka, mbili. Kipande changu cha maranda nitakipalilia kwa jembe, au nitatumia glaifoseti kabla ya kupanda, ambayo hupenya kwenye majani mabichi ya magugu bila kuyategemea maji ya udongo.