Nimepimwa moyo kupitia mkononi: kipimo safi, ila ile bangili jamani

Wakuu, mimi ni dereva bajaji hapa Dodoma, nashinda Majengo na Area C, na mkono wa kulia ndio wa kuvuta mafuta, kwa hiyo dokta aliposema mishipa ya moyo wataipima kwa kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, pale unapovalia saa, swali langu la kwanza lilikuwa nitaendesha tena? Akacheka. Jina la hospitali silitaji.

Kabla ya siku yenyewe alinibana mishipa miwili ya kifundo cha mkono, nikafumba na kufumbua ngumi mpaka kiganja kikawa cheupe kama nimeshika unga, akaachia ule wa upande wa kidole cha mwisho, rangi ikarudi. Kumbe kiganja kina mabomba mawili, na wao wanapitia la upande wa dole gumba.

Ganzi inauma kidogo tu. Dawa ya kulegeza mshipa ndiyo inaunguza, halafu katikati ya safari mshipa ukakaza, nikasikia kama mtu anakamua nguo mbichi ndani ya mkono wangu, wakasubiri, wakaongeza dawa, ikapita. Baadaye nikaenda chooni kwa miguu yangu, wakati jirani yangu wodini aliyepitishiwa kwenye paja alikuwa amelala chali haruhusiwi hata kukunja goti. Hapo nawapa tano kwa tano. Na si njia ya juzi, daktari Lucien Campeau wa Kanada aliiandika 1989.

Sasa bangili. Ni ya plastiki, inajazwa upepo kwa sirinji ibane tundu, na upepo unatakiwa utolewe kidogo kidogo huku wanaangalia. Nesi wa kwanza akautoa wote kwa mkupuo, damu ikaruka mpaka kwenye shuka. Wa zamu ya usiku akaja akaijaza akaikaza kwelikweli. Namwambia sista, vidole vinakufa ganzi. "Baba tulia, nikilegeza itaruka tena." Nikakaa nayo hadi alfajiri. Asubuhi damu imevilia mpaka karibu na kiwiko, mkono una rangi ya zabibu za Hombolo zilizoiva, mama watoto alivyoona akaanza kulia. Dokta akaubonyezabonyeza, akasema bado mlaini, utaisha wenyewe, ila ukivimba ukawa mgumu kama ubao, maumivu yakazidi au vidole vikawa vya baridi, nisingoje kuche, nirudi usiku huohuo maana nyama za ndani zinaweza kufa.

Weusi ukaisha kweli. Lakini kliniki, wiki mbili baadaye, dokta anatafuta mapigo kwenye kifundo, hakuna. Altrasaundi ikaonyesha mshipa umeziba, damu imeganda ndani. Akanieleza bangili inatakiwa izuie damu isitoke nje lakini iache inayoenda kiganjani ipite, ukibana mpaka isipite kwa masaa, inaganda, hata kama ulipewa dawa ya kuzuia kuganda. Wengi hawajui hata kama umeziba kwa sababu lile bomba la pili linalisha kiganja chote. Mimi nisingejua! Hasara ni kwamba njia hiyo huenda isitumike tena nikihitaji kipimo kingine. Bangili nawapa moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Bajaji naendesha kama kawaida, mkono hauumi. Ila manesi wakinishika kulia kuhesabu mapigo wanababaika, mmoja alikaribia kumwita mwenzake, siku hizi nikikaa tu kwenye kiti natoa wa kushoto.