Jiwe jeupe lililoshindwa na ndimu: uzoefu wangu wa kukarabati jiko

Kazi ya jiko langu ilikwisha miezi mingi iliyopita, na nilikuwa nimekata shauri kuyanyamazia yaliyonipata. Wiki hii, hata hivyo, jirani yangu amenionyesha picha ya jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, analotaka kuwekewa jikoni na duka lile lile lililoniuzia mimi, na alikuwa anajiandaa kupeleka malipo ya awali kesho yake. Nilimshika mkono nikampeleka jikoni kwangu. Niliyomweleza akiwa amesimama mbele ya alama zilizobaki ndiyo ninayoyaandika hapa, na ninayaandika hasira ikiwa haijanitoka.

Jiko letu la zamani, hapa Dar es Salaam, lilikuwa na kaunta ya zege iliyofunikwa kwa vigae vyeupe, vile ambavyo wauzaji na mafundi wengi wa hapa wanaviita marumaru. Vilikaa zaidi ya miaka 15. Juu yake nilikamua ndimu, nikachuja ukwaju, nikaparua samaki magamba, nikamwaga manjano na kuyafuta, na uso wa vigae haukubadilika hata siku moja. Kilichonichosha ni grauti, ile saruji ya kujazia nafasi zilizo katikati yake, ambayo ilikuwa imeshika weusi wa mafuta usiotoka kwa brashi wala kwa sabuni ya aina yoyote. Nilitaka kaunta isiyo na maungio, yenye uso mmoja tangu sinki hadi dirishani, na kwa ajili hiyo tulidunduliza kwa muda mrefu.

Kijana aliyenipokea dukani alikuwa na adabu, na alinionyesha mawe mengi bila kuchoka. Nilipolifikia lile jeupe nikasimama. Akaniambia, "Mama, hii sasa ndiyo marumaru yenyewe, ya asili, si zile za kiwandani." Naomba msomaji aliangalie vizuri neno hilo, kwa sababu mkasa wangu wote umelala ndani yake. Mimi niliyeishi na marumaru za kiwandani kwa miaka yote ile nilielewa kwamba ninapewa kitu cha ukoo ule ule, ila bora zaidi. Kumbe kigae cha jikoni ni udongo uliochomwa na kupakwa tabaka la kioo, na ndimu haina la kukifanya kioo, ilhali marumaru ya asili ni jiwe la jamii ya chokaa. Vitu viwili visivyohusiana kabisa vinatumia jina moja katika mji wetu, na anayeuza mawe kila siku analijua hilo kuliko mnunuzi anayeingia dukani mara moja katika maisha yake. Sidai kwamba kijana yule alinidanganya. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Aliniuliza urefu wa kaunta, upana wa sinki, rangi ya kuta na rangi ya kabati. Asichoniuliza ni ninapika nini.

Kwa haki, nieleze pia kwamba kazi ya kuliweka ilikuwa nzuri mno. Mafundi wao walikuja kwa wakati, wakalikata tundu la sinki kwa unadhifu ambao sijauona kwingine, na ungio la mahali vipande viwili vinapokutana ni jembamba hata kidole hakilihisi. Kabati zilizo chini yake, za mninga, nilitengenezewa na fundi wa Keko, na nazo hazijanipa shida yoyote. Siku mafundi walipoondoka nililipapasa jiwe lile kwa kiganja, likiwa baridi na laini, nikamwita mume wangu aje aone. Nilifurahi kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana kilichofuata kiliniuma kwa kiasi kile.

Haukupita muda, tukapata wageni kutoka Tanga. Nilinunua nguru, nikawakata vipande, nikawatia chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, nikawakamulia ndimu kama nilivyofundishwa na mama yangu. Ndimu nilizokwisha kuzikata nilizifudikiza juu ya kaunta, na ukwaju nikauacha kwenye bakuli, ukatiririka kidogo pembeni. Asubuhi, nilipofungua dirisha na mwanga ukaingia kwa ubavu, niliona miviringo iliyopauka kila mahali ndimu zilipokuwa, na chini ya bakuli la ukwaju duara zima lililopoteza ung'avu. Nilifikiri ni utando wa sabuni. Nilisugua, nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa safi. Miviringo ilibaki pale pale, na nilipopitisha ukucha nilihisi mkwaruzo mdogo. Halikuwa doa lililokaa juu ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa.

Nikapiga simu dukani. Aliyepokea, ambaye sidhani alisubiri nimalize kueleza, alinishauri nipanguse kwa siki na maji ya moto. Nilitii. Nilimimina siki juu ya jiwe la thamani ile, nikaiacha kidogo ifanye kazi, na nilipoifuta, sehemu iliyokuwa na miviringo minane ilikuwa imekuwa eneo moja pana lililopauka, kubwa kama sinia. Kila ninapoikumbuka simu ile mikono yangu inatetemeka. Asiyejua ana haki ya kusema hajui, na mimi ningemshukuru. Lakini duka linalouza mawe, kumwambia mteja amwagie siki jiwe la chokaa, ni sawa na mganga kumwambia aliyeungua atie mkono wake motoni tena.

Nilipolalamika mara ya pili walimtuma kijana mwingine, aliyekuja na chupa ya dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, ile wanayoiita sila. Alinitoza shilingi 180,000. Alipaka, akasubiri, akafuta, akaniambia kwamba tangu siku ile naweza kumwaga ndimu kikombe kizima na hakitatokea kitu. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mume wangu aliyasikia. Haikupita wiki, kachumbari ikamwagika kidogo, na alama mpya ikatokea ndani ya sehemu ile ile iliyopakwa dawa. Sasa ninaelewa sababu, na inaniudhi kwa jinsi ilivyo nyepesi. Sila huzuia mafuta, manjano na rangi ya chai visinyonywe ndani ya jiwe, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Doa la manjano lililonitisha siku moja lilifutika bila shida. Ukali wa ndimu, hata hivyo, hauhitaji kunyonywa ndani. Unaukuta uso wa jiwe na kuula papo hapo. Hivyo nililipia dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Hapo ndipo nilipokwenda dukani mwenyewe, nikiwa na picha kwenye simu. Msimamizi alikuwa ameketi, wala hakunikaribisha kiti. Aliziangalia zile picha kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii, akanirudishia simu, na mbele ya wateja wengine wawili akasema, "Mama, hili ni jiwe la watu wenye jiko la nje. Jiko la ndani ni la wageni." Akaendelea na hesabu zake.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi nikiwa ninaosha vyombo. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za mji huu zina jiko la nje, penye mkaa na masufuria makubwa, na la ndani likabaki safi kwa chai na kwa kutazamwa. Sisi hatuna. Jiko letu ni moja, ndilo la samaki, ndilo la maandazi, ndilo la futari ya Ramadhani, na sioni aibu kwa hilo. Kilichonichoma ni kwamba bwana yule alijua tangu mwanzo jiwe lake halifai kwa jiko la kupikia, na hekima hiyo akaitunza mpaka nilipokwisha kulipa, kisha akaitoa kwa sura ya kunitweza. Kama sentensi ile ile ingesemwa kwa upole siku ya kwanza, ningewashukuru, ningechagua jiwe jingine humo humo dukani, na leo ningekuwa ninawasifu. Hapo juu nimeandika kwamba kijana wa mauzo hakunidanganya. Ninapoandika haya nayabatilisha maneno yangu. Kumficha mtu jambo ambalo lingembadilisha uamuzi, ukijua kwamba halijui, ni kumdanganya.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi mwashi, mwenyeji wa upande wa Kilwa, ambako misikiti ya kale ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Ujanani mwake alichoma matumbawe kwa tanuri la kuni ili kupata chokaa, kama walivyofanya wazee wake. Alikiokota kipande cha jiwe langu kilichobaki uani, akakikwaruza kwa msumari hadi ukatoka unga mweupe, akaukamulia ndimu ule unga, tukaona povu dogo likichemka. "Mwanangu," akaniambia, "hiki ni chokaa kilichokazana. Ndimu na chokaa havikai pamoja." Akaniuliza nautoaje ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa maji ya kisima. Nikamjibu kwamba natia ndimu au siki, nachemsha, unayeyuka. Akanyamaza akiniangalia, nami nikaelewa kwamba jambo hili nilikuwa nalijua maisha yangu yote, ila hakuna aliyeniunganishia birika na kaunta.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia tofauti ya marumaru na granaiti, jiwe jingine linalouzwa kwa kaunta. Katika kipimo cha ugumu wa madini, chenye ngazi 1 hadi 10, madini yanayofanya marumaru yako kwenye ngazi ya 3, na kisu cha kawaida cha chuma kiko juu ya 5, kwa hiyo kisu kinalichora jiwe lile bila taabu. Madini makuu ya granaiti yako kwenye 6 na 7, na wala ndimu haiyagusi. Anayetaka kununua kaunta basi aombe kipande cha jiwe lile lile, afike nyumbani nacho, akichore kwa ncha ya kisu, akikamulie ndimu na kuiacha usiku kucha, na asubuhi akitazame kwa mwanga wa ubavu. Jina lisimtoshe, kwa sababu hata jina granaiti nimelisikia likitumiwa dukani kwa kila jiwe linalong'aa.

Mzee yule alinisaidia kulirekebisha. Alipita upande wa dirisha kwa mashine yenye misasa ya almasi, akianza na ya chembe kubwa na kumalizia na ndogo, lakini kwa shauri lake hakuurudisha ung'avu wote. Aliuacha uso ukiwa umefifia kwa pamoja, ili alama mpya zisionekane upesi kama zilivyoonekana juu ya jiwe linalomeremeta kama kioo. Shauri hilo, ambalo halikugharimu duka chochote, lingeweza kutolewa siku ya kwanza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekwisha kuamua hukumu yangu, kwamba mtu yeyote anayepika asilinunue jiwe hili. Sasa nasita, na lazima niseme sababu. Kila Ijumaa nasukuma chapati upande ule wa dirisha. Unga haunati kama ulivyokuwa unanata juu ya ubao, jiwe linabaki baridi hata mchana wa joto la Februari, na chapati zangu hazijapata kuwa laini namna hii. Mama yangu alipokuja alikaa pale akasukuma zote peke yake, hakutaka nimsaidie. Jiwe halina kosa. Ni zuri, na kwa kazi linayoiweza sijaona mfano wake. Waliokosa ni waliolipeleka mahali pa kazi lisiyoiweza. Dukani kwao, hata hivyo, sirudi, na shilingi 180,000 zangu za sila bado nazidai.

Upande wa sinki nimekwisha kuung'oa, na kwa muuzaji mwingine nimeagiza granaiti nyeusi. Nilikwenda na ndimu mkobani. Yule bwana aliponiona naitoa alicheka kwa furaha, akaniletea kisu mwenyewe, akanipa na kipande cha kwenda nacho nyumbani bila kuniomba hata shilingi. Jirani yangu naye ameliomba lile duka la kwanza kipande cha jiwe jeupe ili akijaribu kabla ya kulipa. Leo ni siku ya nne, na bado hawajampa.