Sataranji ya fundi wa chukudu: ubao nauvulia kofia, oili hapana

Dola 25, na noti yangu ya kwanza fundi aliikataa. Ilikuwa na mchaniko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, lakini wenyeji wa Goma mnajua: dola iliyochanika ni karatasi ya kufungia samaki wadogo, sambaza. Nikarudi nyumbani Katindo, nikatoa nyingine ndani ya Biblia, nikapanda pikipiki tena mpaka kwa fundi, Ndosho. Kwa hiyo ukihesabu na nauli, seti hii ya sataranji imenitoka karibu dola 28.

Huyo fundi kazi yake ni chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Jina lake silitaji. Mwenyewe hapendi makelele, na mimi nina neno naye, mtalisikia. Mabaki ya mkaratusi yaliyokuwa yanaishia jikoni kwa mke wake, siku hizi anachonga kete za sataranji, zile tunazoziita hapa eshek, kwa sababu tulifundishwa mchezo huu kwa Kifaransa. Ndiyo maana shemeji yangu bado anamwita askofu “fu”, yaani mwendawazimu, na ngome anaiita “turu”. Mimi nitaandika kwa Kiswahili.

Ubao una sentimita 45 kila upande, kila chumba sentimita 5. Vyumba vyeusi hakuvipaka rangi. Amevichoma kwa chuma cha moto, kimoja kimoja, na ukipitisha kidole unasikia vimebonyea kidogo kuliko vyeupe. Herufi na namba za pembeni nazo kazichoma. Namba 4 tu ndiyo ameigeuza, inaangalia nyuma. Sikumwambia airekebishe, nimeshaipenda.

Ila kilichonifanya nifungue pochi ni chini ya kete. Kila moja ina nati kuukuu ya pikipiki iliyozamishwa ndani ya mti, juu yake pamebandikwa kiduara cha mpira wa tairi, ule ule anaovisha magurudumu ya chukudu. Uwanja wetu ni mawe meusi ya volkano yetu, Nyiragongo, na meza yangu haijawahi kusimama kwa miguu minne tangu niinunue. Ile seti ya plastiki niliyokuwa nayo, mtu akikohoa tu askari wanalala. Hizi zinashika. Mbuzi wa jirani amepita chini ya meza mara mbili, hakuna kete iliyohama chumba.

Sasa, ubao haupimwi kwa kuutazama. Nikamwambia shemeji alete ile karatasi yake yenye hatua za mchezo wa mabingwa wa sataranji, Kasparov na Topalov, Wijk aan Zee, Uholanzi, 1999. Nimeuona mchezo ule kwenye simu labda mara kumi, na kila mara nilikuwa nabonyeza mshale, kete zinaruka, nasema “ala!”, halafu sijaelewa kitu. Safari hii tukaucheza kwa mikono, yeye Topalov na kete nyeusi, mimi Kasparov.

Mpaka hatua ya 23 ni maandalizi tu, nayaruka. Hatua ya 24, ngome yangu nyeupe inakula askari d4 (chumba cha herufi d, namba 4), mahali ambapo askari wa c5 anaila bure. Unaishika ngome nzito, yenye nati ndani, unaenda kuiweka kwenye mdomo wa askari. Mkono unakataa. Kwenye simu sijawahi kusikia hivyo. Shemeji akaila, kama Topalov alivyoila, na hapo hapo ngome ya pili ikaenda e7, eshek, yaani mfalme anatishwa, karibu kabisa na malkia wake aliyesimama d6. Naye huyo anaweza kuila! Tukajaribu: malkia akila e7, malkia wangu anakula d4 na eshek, mfalme anarudi b8, malkia anaingia b6, askofu anajikinga b7, farasi anaruka c6 na eshek, mfalme kona ya a8, malkia a7, kwisha. Tulirudia mara tatu kwa sababu shemeji alikuwa anatafuta mlango. Hakuna mlango.

Kwa hiyo mfalme mweusi anapanda b6 badala ya kula, malkia wangu anakula d4 na eshek, na hapa umeme ukakatika.

Hapa ndipo kasoro ya kwanza. Mfalme na malkia weusi wanafanana mno. Mfalme ana msalaba mdogo kichwani, malkia ana taji lenye meno, lakini fundi amevichonga vifupi asije akavivunja, na kwa mwanga wa tochi ni kama mapacha. Shemeji akamwinua malkia toka d6 akamlia farasi wangu a5.

“Shemeji, huyo ni mke wa mfalme.”

“Mama Neema, kweli? Mimi naona mfalme.”

“Mwache arudi nyumbani. Mwenye shida ni bwana yake.”

Mfalme ndiye anayemla farasi a5, na tangu hapo hana tena usingizi. Nisukume askari b4, anateremka a4. Malkia wangu anakwenda c3, kimya, bila eshek yoyote. Ngome inaingia a7, askofu mweusi anakuja b7, analiwa. Malkia mweusi anafika c4, wangu anakula f6. Kisha mfalme anakula a3, malkia wangu anakula a6 na eshek, mfalme anakula b4, namtupia askari c3, anamla naye, eshek ya malkia toka a1, anakwenda d2, eshek toka b2, anaishia d1. Fikiria: mfalme mweusi amesimama kwenye mstari wa kwanza wa weupe, nyumbani kwangu mimi. Kumsindikiza kwa mkono chumba hadi chumba, na kusikia ule mpira wa tairi ukishika mti kila anapotua, ndiyo nikaelewa kwamba Kasparov hakuwa anamfukuza. Alikuwa anamwita.

Hatua ya 36 ndiyo ilinyamazisha meza. Askofu wangu, aliyekuwa amekaa h3 mpaka nimemsahau, anarudi f1. Anamtisha malkia wa c4. Malkia akimla, malkia wangu c2, mfalme e1, ngome e7, malkia anajikinga e2, anakufa, na mfalme naye. Topalov akajibu kwa ngome d2, Kasparov akatoa ngome yake ya mwisho d7, ikaliwa, lakini Kasparov akamla malkia mweusi, kisha ngome ya h8. Hatua ya 44 Topalov akaacha. Ngome zangu zote mbili zilikuwa kwenye sanduku.

Farasi siwasahau. Mjini petu farasi humwoni, fundi amewachonga kutoka picha ya simu, na wako wanne nyuso nne. Watatu ni farasi. Wa nne, kwa heshima yote, ni mbuzi.

Sasa lile neno langu na fundi. Kete nyeusi hakuzichoma, kwa sababu moto unazipasua. Ameziloweka kwenye oili chafu ya pikipiki. Zikikauka zinang'aa, hilo sikatai. Lakini hazijakauka. Mimi ni mshonaji. Asubuhi baada ya mchezo nilikuwa na gauni nyeupe ya komunyo ya binti wa mteja, nikaishika kabla sijanawa vizuri. Vidole vitatu, wazi, kwenye mkono wa gauni. Nilifua kwa sabuni ya mche, nikafua kwa unga, mwisho nilifungua mkono mzima nikashona mwingine. Mita moja ya satini, pesa yangu.

Nilirudi Ndosho nikamwonyesha. Alitazama kile kitambaa, akacheka kidogo, akasema, “Pole mama. Zianike.” Nimezianika juani siku nne, nikazipangusa kwa unga wa sabuni, na sasa harufu ya gereji imepungua, vidole vinatoka na wingu dogo tu. Mkienda kununua, mwambieni awauzie zilizokaa mwezi mmoja dukani, au nyeusi azipake vanishi kwanza bila oili. Na mfalme amwongezee shingo.

Wachambuzi wanasema Topalov angeikataa ile ngome ya d4, akapeleka mfalme b6 mara moja, asingeshindwa hivyo. Shemeji ameling'ang'ania hilo. Kila jioni anapanga kete upya kwenye hatua ya 24, anakataa ngome, ananiambia haya cheza sasa. Mpaka jana ameshinda nne, mimi moja, na ile moja alikuwa amechanganya malkia na mfalme tena.