Ruta imeganda kilimani: kifaa gani cha kuzima na kuwasha umeme kwa mbali kinafaa?

Ndugu watazamaji, habari zenu, na karibuni. Mezani leo nina vifaa vitatu vyenye kazi moja: kukata umeme wa ruta au redio ya mnarani (ile ya kurusha intaneti) kwa sekunde chache na kuurudisha, pasipo mtu kugusa plagi. Nimeviandaa nikiwafikiria mafundi na watoa huduma wadogo wa intaneti wa hapa Dodoma, ambao mitambo yao imekaa peke yake kwenye vilima vya Mpwapwa, Manyoni au Kondoa. Ruta ikiganda Kondoa usiku, fundi aliyeko mjini ana kilomita zipatazo 160 za kwenda, na akifika kazi yenyewe ni kuchomoa na kuchomeka.

Tuanze na hiki ambacho wengi hukikimbilia kwa sababu ya bei yake, yaani soketi ya Wi-Fi inayoendeshwa kwa programu ya simu. Kwa taa ya sebuleni haina ubaya wowote. Kwa kazi yetu, hata hivyo, ina kasoro ya msingi: inapokea amri kupitia ruta ileile inayotakiwa kuizima, hivyo ruta ikiganda, soketi nayo imekuwa kiziwi. Zipo zinazoikwepa kasoro hiyo, kwa mfano soketi za Shelly za kizazi cha pili, ambazo huruhusu skripti ndogo (maagizo mafupi ya programu) kuendeshwa ndani ya kifaa chenyewe, ikajaribu kufikia anwani fulani na, ikishindwa mara kadhaa mfululizo, ikakata relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na kuirudisha bila kusubiri amri ya mtu. Kama soketi yako haina uwezo huo, iache nyumbani. Hata kama inao, kabla ya kulipa muulize muuzaji jambo moja: umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, soketi inarudi ikiwa imewashwa au imezimwa? Nyingine hurudi zikiwa zimezimwa, na hapo utakuwa umenunua tatizo jipya.

Kifaa cha pili kinatumia laini ya simu. Unatuma ujumbe mfupi, kinazima, kinahesabu sekunde ulizokipangia, kinawasha, kisha kinakujibu. Ubora wake ni kwamba njia ya amri haipiti kwenye mtandao wako hata kidogo. Hakikisha kinatumia masafa ya simu ya 900 na 1800 MHz, kwa sababu kuna vinavyotengenezwa kwa soko la Marekani vyenye masafa ya huko pekee. Weka orodha ya namba zinazoruhusiwa kukiamuru, na ubadilishe nywila ya kiwandani siku hiyohiyo. Sisi huku tuna mtihani mwingine, nao ni laini yenyewe: inasajiliwa kwa alama za vidole, na ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungiwa. Kwa hiyo ipangie ujumbe wa majaribio kila mwezi, uone salio lipo na jibu linarudi. Isajili kwa jina la kampuni, si la kijana wa kazi ambaye mwakani anaweza kuhama.

Cha tatu ndicho ningeweka fedha yangu: kisanduku kinachopima mtandao chenyewe kwa pingi (kutuma ujumbe mdogo kwa anwani na kusubiri jibu) na kuamua chenyewe. Nimekifungua ili muone ndani. Relei ni hii ya bluu, imeandikwa 10A 250VAC, na upande wa mzigo ina miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (haujaungana na COM mpaka koili, yaani sumaku ya ndani, ipate umeme) na NC (umeungana na COM mpaka koili ipate umeme). Tazameni waya wa kwenda kwenye ruta umeungwa wapi. Ukiungwa kwenye NO, koili lazima ishikwe na umeme saa zote ili ruta iwake, na siku kisanduku kikiungua, ruta inazimika pamoja nacho. Ukiungwa kwenye NC, kama hapa, koili inapata umeme kwa zile sekunde chache za kukata tu, na kisanduku kikifa ruta inaendelea na kazi. Kwa kituo cha sola kuna faida ya ziada, kwani koili ya relei hii inakula takriban wati 0.36, ambazo kwa saa 24 ni karibu wati-saa 9. Si nyingi, lakini kisanduku kizima kikila wati 2 unafika wati-saa 48 kwa siku, na mwenye betri ndogo anajua zina maana gani asubuhi ya mawingu.

Mpangilio wake ndio wenye kazi. Usikipe anwani moja ya kupima. Mimi nakipa lango la mtoa huduma wa juu (yule anayetuuzia intaneti), 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, kisha nakiambia kikate pale tu zote tatu zikikosa kujibu. Muda wa kuzima uwe sekunde 15 hadi 30, ili kapasita za adapta ziishiwe chaji kabisa. Baada ya kuwasha, kisubiri dakika tano kabla ya kuanza kupima tena. Vinginevyo kitaikata ruta ikiwa bado inaamka, tena na tena. Weka na kikomo: kikishazima na kuwasha mara tatu bila mafanikio, kitulie. Mkongo wa mtoa huduma ukikatika mahali fulani njiani, kuzima ruta yako usiku kucha hakutauunga.

Kabla ya kununua chochote, angalieni mlichonacho. Redio nyingi za mnarani zinapata umeme kwa kebo ya mtandao, na swichi nyingi za MikroTik zenye PoE ya kutoa (zinazotoa umeme kupitia kebo hiyo) zina kipengele kinachopima kifaa kwa pingi na kukata umeme wa mlango huo pekee kikinyamaza. Ukiwa na swichi hiyo, redio za juu umeshazilinda bila gharama. Inabaki kuilinda swichi yenyewe.

Kwa chumba cha seva chenye kabati, vifaa hivi vidogo haviingii. Huko panafaa kigawa umeme chenye udhibiti wa mtandao, kama AP7921B ya APC, chenye soketi nane zinazozimwa moja moja. Kidhibitini kupitia VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), kamwe msikifungulie mlango wazi kwenye intaneti.

Kuhusu umeme, chagueni kifaa cha volti 230 au cha 100 hadi 240. Kile kilichoandikwa volti 125 pekee hakifai hapa, hata mkikipatia adapta ya plagi. Zile ampea 10 za relei msizichukulie kama ahadi ya kila mzigo, kwa maana adapta nyingi zikiwashwa kwa pamoja huvuta umeme mkali kwa nukta ya kwanza na zinaweza kuiunganisha miguso ya relei isiachane tena. Tangulizeni fridge guard (kinga ya volti) mbele ya kisanduku, kwa sababu volti inapopanda na kushuka baada ya umeme kurudi, ruta huganda kirahisi. Mashine ya kurekodi kamera, kwa kuwa ina diski ndani inayoweza kuharibika ikikatiwa umeme ghafla, ipewe soketi yake ya kawaida nje ya kisanduku hiki.

Kwa kituo kimoja kilimani, basi, ninapendekeza kisanduku cha pingi kilichoungwa kwa NC, na kile cha ujumbe mfupi kiwekwe mbele yake pale tu ambapo wateja ni wengi kiasi cha kulipia laini yake ya simu.